Ng'ombe Wazima, Ndama Mfu: Magonjwa ya Kurithi Katika Zizi Dogo

Mama mmoja katika kaunti yetu, mwenye ng'ombe watatu wa gredi ambao maziwa yao humsaidia kulipa karo, alipoteza ndama wawili katika muda wa miaka miwili. Ng'ombe aliyewazaa alikuwa yule yule. Ndama wa kwanza alipozaliwa mfu hakuna aliyeshtuka sana, kwa kuwa mambo haya hutokea. Wa pili alitoka mfu vilevile, shingo fupi, mgongo umepinda, miguu ya mbele imekunjamana. Hapo maneno yakawa mengi. Jirani alinong'ona kuhusu jicho baya. Shemeji akasema ni dawa ya minyoo. Mumewe alitaka ng'ombe auzwe kwa mchinjaji kabla ya hasara ya tatu.

Nilikuwa nimefuatana na afisa wa mifugo siku alipoitwa. Baada ya kuchukua damu ya ng'ombe ili ipimwe maambukizi, aliuliza swali ambalo kwangu lilionekana dogo: fahali alikuwa nani? Palikuwa na kimya. Halafu, kidogo kidogo, habari ikatoka. Ng'ombe huyo alinunuliwa akiwa mtamba kutoka kwa jirani wa ng'ambo ya mto. Alipopata joto alipelekwa kwa fahali wa jirani huyo huyo, kwa sababu ni karibu na malipo ni kidogo. Fahali huyo amekaa pale zaidi ya miaka sita. Yaani ng'ombe alikuwa amepandishwa na baba yake mzazi, mara mbili.

Majibu ya damu yaliporudi hayakuonyesha maambukizi yoyote. Hatuwezi kuapa kwamba ndama wale waliuawa na ugonjwa wa kurithi, maana hakuna sehemu ya mwili wao iliyohifadhiwa ili ipimwe. Lakini ndiyo shaka kubwa iliyobaki, na ndiyo sababu ya makala haya. Mimi nilisomea uanahabari, si udaktari wa mifugo, kwa hivyo nitaeleza kwa lugha ile niliyoeleweshwa nayo mimi mwenyewe.

Anza na maambukizi

Kabla ya kulaumu ukoo, laumu vijidudu kwanza. Ng'ombe wengi wanaotupa mimba hapa kwetu hufanya hivyo kwa sababu ya maambukizi, na yule wa kuogopwa zaidi ni brusela, kwa kuwa huhamia kwa binadamu kupitia maziwa mabichi na kwa kushika kondo la nyuma au ndama aliyetupwa. Mtu aliyeambukizwa hupata homa za kuja na kwenda na maumivu ya viungo, na wengi hutibiwa malaria kwa miezi. Zaidi ya hayo kuna virusi vinavyoenezwa na visubi ambavyo vinaweza kupinda miguu ya ndama akiwa tumboni, kwa hivyo miguu iliyopinda peke yake si ushahidi wa kurithi.

Kwa hiyo ng'ombe akitupa mimba, usiguse kitu kwa mikono mitupu. Vaa glavu, au mifuko ya plastiki kama huna glavu. Watoto na mbwa wasikaribie. Ndama usimfukie haraka. Mfunike, mweke kivulini na upige simu kwa daktari wa mifugo, kwa sababu mzoga huo ndio ushahidi pekee ulio nao. Baada ya sampuli kuchukuliwa, fukia kila kitu kwa kina. Maziwa yachemshwe. Hayo ni ya kila tukio, liwe la kurithi au la.

Jinsi ugonjwa unavyojificha kwa wazazi wazima

Wakaazi wengi wanaufahamu ugonjwa wa selimundu, au sikoseli kama tunavyouita. Baba mzima na mama mzima, wote wawili wanafanya kazi shambani bila shida, wanapata mtoto mgonjwa. Kila mmoja wao alibeba nakala moja mbovu ya jeni na nakala moja nzuri. Nakala nzuri iliwatosha. Mtoto alipokea mbovu kutoka pande zote mbili.

Ng'ombe ni vivyo hivyo. Kila jeni huja kwa nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mnyama mwenye nakala moja mbovu huitwa mbebaji. Anakula vizuri, anakamwa vizuri, anashinda hata maonyesho ya kilimo. Wabebaji wawili wakikutana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta ndama mgonjwa, mbili kati ya nne za kuleta mbebaji mwingine, na moja kati ya nne ya kuleta ndama asiye na tatizo kabisa. Mbebaji akikutana na asiye mbebaji, hakuna ndama mgonjwa. Nusu yao tu watakuwa wabebaji kama mzazi wao.

Hesabu hii si ahadi, ni bahati nasibu inayochezwa upya kila mimba. Unaweza kuzaliwa ndama watatu wazima mfululizo na usijue chochote. Au, kama yule mama, ukapata wawili wabaya wakifuatana.

Ng'ombe mfupi wa Ireland aliyefundisha wafugaji

Kuna ng'ombe ambaye huenda hujawahi kumwona lakini kisa chake kinaeleza jambo hili kuliko kingine chochote. Anaitwa Dexter. Asili yake ni kusini-magharibi mwa Ireland, katika mashamba madogo ya milimani ambako familia ilihitaji mnyama mmoja wa maziwa na nyama asiyekula sana. Ng'ombe jike wa Dexter ana uzito wa kilo 300 hadi 350 hivi, na walio wafupi zaidi hawazidi sana mita moja kutoka ardhini hadi begani. Leo anafugwa Uingereza, Marekani, Australia na kwingineko na watu wenye ekari chache na kundi la wanyama watatu, wanne au kumi. Ukubwa wa zizi lao haupishani sana na wa wengi wetu.

Dexter wako wa aina mbili machoni: wenye miguu mifupi na wenye miguu ya kawaida. Kwa miaka mingi wafugaji walipendelea wale wafupi, kwa hiyo walipandisha mfupi kwa mfupi wakitumaini kupata wafupi zaidi. Walichopata ni kwamba karibu mimba moja kati ya nne ilitoka kabla ya wakati wake, mara nyingi ikikaribia mwezi wa saba, na ndama akawa na kichwa kilichovimba, pua iliyobonyea, ulimi nje na miguu isiyo na urefu wowote. Wenyewe walimwita ndama wa bulldog, kwa kumfananisha na yule mbwa mwenye uso uliobonyea.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wanasayansi wa Uingereza walikuwa tayari wametambua kwamba ufupi huo na kifo hicho ni kitu kimoja. Nakala moja ya jeni mbovu humfanya Dexter awe mfupi na mwenye afya. Nakala mbili humwua tumboni. Jeni yenyewe, inayohusika na kujenga gegedu ambayo mifupa hukulia juu yake, ilitajwa wazi baadaye sana. Watafiti wa Australia walichapisha matokeo yao mwaka wa 2007. Kufikia hapo kulikuwa na kipimo cha maabara kinachotumia nywele za mkia.

Kwa nini kipimo, na mfupi anaonekana kwa macho? Kwa sababu macho hudanganya. Kuna Dexter wa kimo cha katikati ambao hata wafugaji wazoefu hubishana juu yao, na ndama mdogo ni vigumu kumwamua. Tena Dexter wana ugonjwa wa pili ambao mbebaji wake haonekani hata kidogo. Ndama mwenye nakala mbili za huo hujaa maji mwilini na mapafu yake hayakui. Anaweza kuvimba kiasi cha kumweka mama yake hatarini wakati wa kuzaa. Hapa jicho la mfugaji halisaidii kitu. Ni maabara peke yake.

Jambo lililonivutia zaidi ni walichofanya baada ya kujua. Hawakuwachinja wafupi wote. Wangefanya hivyo wangepoteza sehemu kubwa ya kundi ambalo tayari lilikuwa dogo, pamoja na sifa zake nyingine nzuri. Badala yake mfugaji mwenye majike wafupi anatafuta fahali aliyepimwa na kuonekana hana jeni hiyo. Nusu ya ndama huzaliwa wafupi, nusu wa kawaida, na hakuna anayekufa kwa sababu hiyo. Majike hawabadilishwi. Kinachobadilishwa ni fahali.

Turudi kwa Friesian wetu

Dexter angalau humwonyesha mwenyewe dalili. Friesian hamwonyeshi. Na Friesian ndiye aliyejaa katika mazizi yetu, pamoja na chotara wake.

Ukoo wa Friesian duniani ni mpana kwa idadi ya wanyama lakini mwembamba kwa idadi ya mababu. Tangu mbegu za fahali zilipoanza kugandishwa katika naitrojeni ya maji, yenye ubaridi wa nyuzi 196 chini ya sufuri, fahali mmoja anaweza kuwa na watoto katika mabara yote, na hata baada ya kufa akaendelea kuzalisha. Fahali akiwa mzuri, uzuri wake unaenea. Akiwa mbebaji, jeni mbovu inaenea pamoja na uzuri huo.

Mfano mkubwa ni fahali wa Marekani aliyeitwa Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyezaliwa mwaka wa 1962. Alikuwa na mabinti 16,000, wajukuu majike zaidi ya nusu milioni, na vitukuu majike zaidi ya milioni mbili. Damu yake iko kila mahali kwa sababu mabinti zake walitoa maziwa mengi. Ila alikuwa amebeba nakala moja ya jeni ambayo ndama akiipata mara mbili hufa tumboni, wakati mwingine mapema sana. Jambo hilo liliripotiwa mwaka wa 2011, karibu miaka 50 baada ya kuzaliwa kwake. Watafiti walikadiria kwamba jeni hiyo moja imesababisha mimba kama nusu milioni kutoka duniani kote, hasara ya takriban dola milioni 420. Hao hao walikadiria kwamba maziwa ya ziada yaliyotokana na ukoo wake yana thamani kubwa zaidi ya hasara hiyo mara nyingi. Kwa hiyo hatusemi fahali alikuwa mbaya. Tunasema hakuna aliyejua.

Fikiria mfugaji wa kwetu upande wa pili wa kisa hiki. Ng'ombe amepandishwa, siku 21 zimepita bila joto, mfugaji amefurahi. Miezi miwili au mitatu baadaye ng'ombe anarudi joto. Hakuna aliyeona mimba ikitoka, ilikuwa ndogo mno. Lawama inamwendea mtaalamu wa kupandisha: mbegu zako ni baridi, rudisha pesa. Mara nyingi kosa ni la muda wa kupandisha, lishe au maambukizi. Lakini mara nyingine mbegu zilikuwa nzuri, kazi ilifanywa vizuri, na wazazi wawili waliobeba jeni moja ndio waliokutana.

Fahali mwingine wa kukumbukwa ni Carlin-M Ivanhoe Bell, aliyezaliwa mwaka wa 1974, ambaye alisambaza magonjwa mawili kwa mpigo. La kwanza hujulikana kwa herufi BLAD. Ndama huzaliwa akionekana sawa, lakini chembe nyeupe za damu yake haziwezi kutoka kwenye mishipa kwenda kupigana na vijidudu. Anapata vidonda vya mdomo, nimonia na kuhara kusikoisha; jeraha dogo halifungi; dawa zinasaidia siku mbili kisha hali inarudi. Wengi hawafiki mwaka mmoja. Kasoro ya jeni hiyo ilipotambuliwa mwaka wa 1992, karibu asilimia 14 ya fahali waliopimwa Marekani walikuwa wabebaji. La pili, CVM, lilielezwa na watafiti wa Denmark mwaka wa 2001: mimba nyingi hutoka, na ndama wanaofikia kuzaliwa huwa wafu, shingo fupi, uti wa mgongo umepinda, miguu imejikunja. Niliposoma maelezo hayo nilikumbuka ndama wa yule mama.

Kuna mengine. Friesian wana ugonjwa wa ndama kukosa kolesteroli, unaofuatwa hadi kwa fahali wa Kanada aitwaye Maughlin Storm. Ndama huhara na kukonda hata akitibiwa vipi. Jersey na Ayrshire nao wana jeni zao zinazoua mimba. Tafadhali usimwangalie kila ndama anayehara ukasema ni ukoo. Ndama aliyekosa maziwa ya kwanza ya mama yake katika saa chache za mwanzo ataumwa vilevile, na hilo ni la kawaida kuliko haya yote.

Fahali wa jirani na hesabu ya mabinti

Katika kundi la ng'ombe 500, baba na binti hawakutani kwa bahati mbaya. Katika kijiji chenye fahali mmoja, ni vigumu wasikutane.

Chukua fahali mbebaji. Nusu ya mabinti zake watarithi nakala ile mbovu. Ukimpandisha binti kwa baba yake bila kujua kama ni mbebaji, nafasi ya ndama mgonjwa ni moja kati ya nane. Mahali pengine, kama jeni hiyo ni adimu, ingekuwa moja kati ya mamia au maelfu. Na hiyo ni jeni moja tu. Kila mnyama ana jeni mbovu kadhaa zilizojificha, na ndama wa baba na binti ana uwezekano wa asilimia 25 wa kupata nakala mbili zinazofanana, zilizotoka kwa mnyama yule yule, katika kila jeni. Hata asipopata ugonjwa wenye jina, huwa mdogo, hushika mimba kwa shida na hukamuliwa kidogo.

Kwa anayefuga fahali, kuna hesabu nyingine ya kalenda. Mimba ya ng'ombe ni miezi tisa. Mtamba anayelishwa vizuri hupandishwa akiwa na miezi 15 hadi 18. Jumlisha, utapata kwamba miaka miwili hivi baada ya fahali kuanza kazi, binti yake wa kwanza yuko tayari kupandishwa. Kufikia siku hiyo fahali awe ameondoka kijijini au abadilishwe na wa mbali. Kubadilishana fahali na jirani aliyempata kutoka kwako si kubadilisha.

Najua fahali wa jirani ana sababu zake. Ni wa bei rahisi, hahitaji simu, na hakosei joto. Lakini ikumbukwe kwamba kupandisha kwa mirija, yaani AI, kulianzishwa nchini miaka ya 1930 hasa kwa ajili ya kuzuia magonjwa yanayoenezwa na fahali anayetembea kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine. Kituo cha Kabete, ambacho leo ni Kituo cha Rasilimali za Kijenetiki za Wanyama cha Kenya, kilifuata mwaka wa 1946.

Soma mrija, kisha utunze

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo haina gharama yoyote. Kipimo cha bei nafuu kuliko vyote ni kile ambacho mtu mwingine ameshakilipia. Fahali wanaouzwa mbegu zao kimataifa huwa wamepimwa magonjwa ya kurithi yanayojulikana, na majibu yako katika orodha ya fahali ambayo mtaalamu wa AI au muuzaji wa mbegu anayo. Una haki ya kuiona kabla ng'ombe wako hajaguswa.

Majibu huandikwa kwa herufi baada ya jina la fahali. Kwa Friesian wa mfumo wa Marekani, herufi T huanza pale fahali amepimwa na kuonekana hana. TL maana yake hana BLAD. BL maana yake ni mbebaji wa BLAD. TV maana yake hana CVM. CV ni mbebaji. TY na BY ni za ugonjwa wa uti wa mgongo mfupi. Ile jeni ya Chief huandikwa HH1, na ikifuatwa na C fahali ni mbebaji, ikifuatwa na T hana. Nchi nyingine zina herufi zao, kwa hivyo usione haya kuuliza. Fahali asiye na herufi yoyote si kwamba ni safi. Pengine hajapimwa, au mrija umekaa kwenye tangi tangu kabla ya kipimo kuwepo.

Kumbuka kanuni ile ya wabebaji: ukitumia fahali asiye na jeni hiyo, hutapata ndama mgonjwa hata kama ng'ombe wako wote ni wabebaji. Mwenye ng'ombe watatu hahitaji kupima ng'ombe watatu. Anahitaji kujua habari za fahali.

Na mbegu ya mbebaji si haramu. Kama fahali ana sifa unazozitaka na una hakika ng'ombe wako hana damu ya ukoo huo, unaweza kumtumia. Mimi binafsi, kwa ng'ombe ambaye baba yake hajulikani, nisingejaribu.

Mtaalamu akimaliza kazi, mwombe mrija uliotumika. Umechapishwa jina au nambari ya fahali. Ubandike kwenye daftari kwa gundi ya karatasi, andika tarehe na jina la ng'ombe, na mwombe mtaalamu akuandikie cheti au risiti. Mtaalamu anayekataa kusema ametumia fahali gani, mtafute mwingine. Sheria ya mwaka wa 2011 inataka wataalamu wa mifugo wasajiliwe na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, na kuuliza kitambulisho cha usajili si utovu wa adabu.

Ndama akizaliwa, mstari wake katika daftari uanze na baba yake. Ukimuuza mtamba, mpe mnunuzi nakala ya ukurasa huo. Mama yule angekuwa na karatasi kama hiyo, asingemrudisha ng'ombe kwa baba yake.

Ni nani anayehitaji maabara

Kupima jeni kunafaa kwa mtu anayefuga fahali wa kupandisha ng'ombe wa wengine, kwa kikundi au chama cha ushirika kinachonunua fahali mmoja wa wanachama, kwa anayeuza mitamba ya ukoo ulioandikishwa, na kwa aliyepoteza ndama wawili wanaofanana bila maambukizi kuonekana. Ukipima fahali mmoja anayehudumia ng'ombe 40, umewalinda wote 40.

Sampuli yenyewe ni nywele. Hung'olewa kutoka ncha ya mkia, kama 30 hivi, kwa kuzungusha kidoleni na kuvuta kwa nguvu ili zitoke na mizizi. Zikikatwa kwa makasi hazifai, kwa kuwa kinachopimwa kiko kwenye mzizi. Mkia uwe mkavu na usiwe na kinyesi. Nywele zitiwe kwenye bahasha ya karatasi, moja kwa kila mnyama, na nje iandikwe nambari ya hereni ya sikioni, jinsia na umri. Mfuko wa plastiki huhifadhi unyevu na nywele huoza. Kwa pacha, damu si sampuli nzuri, kwani pacha wa ng'ombe mara nyingi huchanganya damu tumboni na jibu laweza kuwa la ndugu yake. Kabla ya kutuma popote, zungumza na daktari wa mifugo ili aseme ni ugonjwa gani unaotafutwa. Hakuna kipimo kimoja cha kila kitu, na ukiagiza kipimo kisicho cha aina ya ng'ombe wako utalipia karatasi tupu.

Ukipata jibu kwamba ng'ombe wako ni mbebaji, usimpeleke kwa mchinjaji. Maziwa yake ni yale yale, nyama yake ni salama na hawezi kumwambukiza mwenzake zizini. Mpandishe kwa fahali aliyepimwa. Fahali mbebaji wa kienyeji, yule anayezunguka kijiji, ndiye wa kuhasiwa.

Huduma za mifugo ziko chini ya serikali za kaunti, na afisa wa mifugo wa wadi yako ndiye wa kuanzia. Ukienda kwake, beba daftari hata kama lina kurasa mbili tu, mirija kama unayo, na jina la mtu aliyekuuzia ng'ombe. Kama umepoteza ndama, mpigie simu kabla ya kufukia.

Mama yule hakumuuza ng'ombe wake. Alipandishwa kwa mrija wa Ayrshire, ukoo mwingine kabisa, na wakati tunaenda mitamboni mimba ina miezi sita. Nilipopita kumwona alinionyesha daftari la shule la mwanawe lililobaki na kurasa nyuma. Mrija umebandikwa hapo kwa ugali, kwa sababu gundi haikupatikana, na chini yake ameandika jina la fahali kwa herufi kubwa.